Saa Iliyofuliwa na Kanzu

“Umeifua saa yangu!” Bwana Fakihi alifoka. “Dhahabu tupu hiyo hadi mkufu wake, imevaliwa na masultani!”

“Uliisahau mfukoni mwa kanzu, bwana,” alijibu Mwanaidi, jirani aliyemshonea na kumfulia nguo. “Niachie nikaitafutie fundi.”

“Kesho isipotembea, naichukua cherehani yako ifidie. Utashona kwa meno!”

Bwana Fakihi alifanya biashara ya vitu vya kale. Alichouza kilikuwa lulu, alichonunua kilikuwa takataka, na saa ya maskini hakujisumbua hata kuifungua kifuniko.

Kesho yake, duka likiwa limejaa wateja, mwanamke aliyejifunika uso alimsogezea saa isiyo na mkufu, imejaa masizi.

“Ninunulie, baba,” alisema kwa sauti ya kukwaruza. “Nina njaa.”

Fakihi aliishika kwa ncha za vidole, kama anayeshika panya aliyekufa. “Bati hili! Tena limekufa.”

“Hata lilipokuwa zima halikuwa na thamani?”

“Hata siku lilipotoka kiwandani! Kilo moja ya sukari, na hapo nimekuhurumia.”

“Hebu apa, baba.”

“Wallahi! Na hawa wote mashahidi wangu.”

Mwanamke alitoa kilo ya sukari ndani ya buibui, akaiweka mezani kando ya saa, akaondoka. Alipofika mlangoni alifunua uso. Alikuwa Mwanaidi.

“Saa yako hiyo, Bwana Fakihi, mkufu wake huu, na fidia yake hiyo,” alisema. “Leo usinywe chai chungu.”