Kitabu Kilichofungiwa Kabatini

Bwana asifiwe!

Hapana, hiyo imelala. Kwaya, sasa hivi mmeimba mpaka mabati yakatetemeka, halafu mnaniitikia kama watu waliotoka kung'olewa jino? Bwana asifiwe! Haya, hapo tumeelewana. Kaeni.

Leo nina furaha na sitaificha. Kule nyuma, benchi la pili kutoka mlangoni, wamekaa ndugu zetu wa maktaba ya chuo kikuu hapo mlimani. Walikuja kwangu Alhamisi. Wakaniambia, Mchungaji, sisi tunazunguka chuo kizima tukiwaomba wasomi waweke kazi zao kwenye tovuti ya maktaba, mahali pa wazi, mtu yeyote asome bure. Baadhi wanakubali kwa moyo mmoja. Wengine wakituona kwenye korido wanageuza njia kama tumekuja kuwadai. Tuombee. Nikasema, kuwaombea nitawaombea, lakini Jumapili nipeni dakika kumi niwasimulie watu kisa.

Kisa ni cha kutunga. Kwa hiyo profesa yeyote aliyeko humu ndani asinifuate baada ya ibada akisema nimemsema. Nimekitunga mwenyewe jana jioni nikiwa namenya ndizi, na mke wangu ni shahidi, maana nilimenya chache sana.

Alikuwepo profesa mmoja wa kilimo. Alizaliwa mkoa wa migomba, kule ambako mtu akiulizwa habari za nyumbani anaanza na habari za kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, ndipo anafika kwa watoto. Sasa mkoa huo uliingiliwa na ugonjwa. Mnyauko. Mgomba unauona umesimama vizuri, wiki inayofuata majani yamelegea, mkungu unaiva kabla ya wakati, ukikata ndizi ndani imeoza. Familia ziling'oa vibanja walivyoachiwa na babu zao, huku watu wanalia kama wako msibani.

Profesa wetu akaingia kazini. Simdharau hata kidogo, alifanya kazi ya kiume. Miaka minane alitembea wilaya za mpakani, kwa miguu, kwenye matope. Wakulima mia tatu walimfungulia vibanja vyao, wakamwacha achimbe, akate, apime, na mchana wakamlisha. Mwishoni akagundua kitu. Kule kuna desturi: fundi wa kupogolea ni mmoja kwa kijiji kizima. Leo yuko kwako, kesho kwa jirani, keshokutwa ng'ambo ya kijito, na panga lake lile lile. Profesa akathibitisha kwamba panga hilo ndilo linalobeba ugonjwa. Dawa yake? Panga lipitishwe motoni kila unapotoka shina moja kwenda jingine, na mgomba ulioshikwa ukatwe mapema. Basi! Moto wa jikoni tu! Mnaona jinsi jambo kubwa linavyoweza kuwa jepesi?

Akaandika kitabu kinene, jalada jeusi, jina lake kwa herufi za dhahabu. Akakipeleka maktaba ya chuo chake. Pale kuna fomu inauliza, kazi hii isomwe na nani? Akaandika: "Kwa idhini yangu tu."

Kitabu kikawekwa kwenye kabati la vioo lenye kufuli. Pembeni pana daftari la kusaini wasomaji. Baada ya miaka sita daftari hilo lilikuwa na majina matatu. La kwanza lilikuwa la profesa mwenyewe, alikuja kuhakikisha kitabu kipo. La pili lilikuwa la profesa mwenyewe, alikuja kumwonyesha mgeni. La tatu lilikuwa la fundi aliyekuja kubadilisha kioo cha kabati, akadhani kila anayeingia lazima asaini.

Mnacheka. Chekeni, lakini nisikilizeni. Kule kijijini kwao, profesa alikuwa na mama yake mzee, mjane. Na mwaka huo migomba ya mama ilikuwa imeanza kulegea majani. Wilaya yao ni nyingine, mbali na kule mpakani alikofanyia utafiti, na mnyauko ulikuwa mgeni kwao. Ndugu wakasema, tumpigie simu mwanao. Mama akakataa katakata. "Msimsumbue. Mwanangu ana kazi kubwa huko, anafundisha watoto wa watu. Habari za migomba yangu atazifanyia nini?" Hakujua kabisa mwanawe anasomea nini. Akiulizwa alikuwa anajibu, "Anafanya utafiti," anaishia hapo. Na mwana mwenyewe alikuwa na miaka mitatu hajakanyaga nyumbani. Humo kwenye kibanja ndimo alimozikwa baba yake. Mama akasema, mvua zikiisha na hali iko hivi, tutang'oa kila kitu.

Je, dawa ilikuwa mbali? Ilikuwa imeshapatikana! Imo kabatini, nyuma ya kioo kipya.

Siku moja profesa akapata nafasi ya kwenda nje ya nchi mwaka mzima. Chuoni pale huondoki bila muhuri wa maktaba kuonyesha kwamba huna kitabu cha watu. Akaja na begi, akatoa vitabu tisa alivyoazima miaka sita iliyopita, akavipanga mezani mbele ya mkutubi, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Nipigie muhuri, mama, nina safari."

Mkutubi akavipokea, akafuta vumbi kimoja kimoja. Kisha akasogeza karatasi nyingine. "Profesa, na hii naomba uitazame. Tufungue kile kitabu chako cha migomba, tukiweke kwenye tovuti yetu."

Profesa akaruka kama kakanyaga kaa la moto. "Kamwe! Mama, mimi ndiye niliyethibitisha kwamba panga linalotembea nyumba kwa nyumba ndilo linaloua migomba. Leo unataka kazi yangu nayo itembee nyumba kwa nyumba? Wataichafua. Wataniibia. Nitakuja kuikuta ina jina la mtu mwingine."

Ndugu zangu, mnamwona msomi huyo? Amesoma mpaka kusoma kwenyewe kumemwingia pabaya. Kitu alichogundua kwenye panga amekihamishia kwenye elimu!

Mkutubi hakupandisha sauti. "Jina lako litakaa juu kabisa, na tarehe yake. Atakayeiba ataonekana na dunia nzima. Sasa hivi akiiba mtu, nani atajua kwamba ni ya kwako? Yule fundi wa kioo?"

Profesa akaanza kufunga begi lake.

"Na hivi vitabu tisa, Profesa. Umekaa navyo miaka sita. Walioviandika waliandika nini kwenye fomu zao?"

"Sijui."

"Na mimi sijui. Najua tu kwamba uliviazima, ukafaidika. Wale wakulima mia tatu, wao wameshasoma ulichokipata kwenye vibanja vyao?"

Profesa akatazama saa. Watu wakubwa wakibanwa huwa wanatazama saa. Akasema, "Mama, muhuri."

Mkutubi akachukua muhuri, akapiga. Safi kabisa, rangi ya zambarau. Akamkabidhi karatasi yake kwa mikono miwili. "Muhuri ni haki yako, siuuzi. Hujanipa nilichoomba, lakini safari njema, Profesa, na Mungu akutangulie."

Profesa akatoka. Akafika mlangoni. Akafika kwenye ngazi. Pale kwenye ngazi akasimama, maana moyo ulikuwa unamsuta. Angefokewa angeondoka kwa amani. Lakini kaombwa kwa adabu, kakataa, kapewa haki yake, na baraka juu yake! Akarudi. "Haya, lete kalamu kabla sijabadili mawazo."

Akasaini. Mkutubi akatabasamu, meno yote nje, halafu akasema, "Bado kidogo. Uniandikie na kurasa mbili kwa Kiswahili chepesi, mkulima aelewe."

"Kwa Kiswahili? Mimi?"

Aliteseka kweli. Kuandika kitabu kinene kwa Kiingereza kulimchukua mwaka, na kurasa mbili za Kiswahili nusura zimnyime ndege. Lakini aliziandika. Panga. Moto. Kata mapema. Jioni ile ile kazi ikapanda kwenye tovuti ya maktaba, kufuli la kabati likafunguliwa, na profesa akapaa zake.

Mwaka ukaisha. Akarudi nchini, na safari hii akasema, kabla ya chuo, naenda kumwona mama. Alipofika mjini kwao akakutana na mtu wa nyumbani, huyo akamsimulia mnyauko ulivyoingia kijijini. Profesa akatua begi chini. Akauliza, "Na kwa mama?" Yule akasema, "Kwa mama yako ndiko ulikoanzia." Njia nzima aliyobaki nayo alikuwa anajiandaa kumpa mama yake pole. Unampaje mama yako pole ya ugonjwa ambao dawa yake ulikuwa nayo wewe?

Akafika. Akasimama nje ya ua.

Kijani! Migomba imesimama, minene, mikungu inainamisha mashina mpaka imewekewa nguzo! Kaburi la baba lina kivuli chake. Na mama yule mzee katokea jikoni kashika panga linalotoa moshi, limetoka motoni sasa hivi, anapiga vigelegele kwa kumwona mwanawe!

Amina? Mbona wenyewe mmesimama? Kaeni, sijamaliza.

Mama akamkalisha, akampakulia ndizi na maharage. Profesa akauliza, "Mama, nani amekifanyia kibanja hivi?"

"Ee baba, ni makubwa! Bibi shamba wa kata alikuta kwenye simu yake maandishi ya profesa mmoja. Akaja kuyasoma kanisani wakati wa matangazo. Kiswahili chake kilikuwa cha kukwaruza kwaruza, lakini tulielewa. Panga, moto. Kijiji kizima tumepona. Jina la huyo profesa hakulisoma, alikimbilia kwenye dawa. Lakini simwachi kwenye sala. Hebu tuombee chakula."

Mama akafumba macho. Akashukuru kwa chakula, akashukuru kwa mgeni. Kisha akasema, "Na yule profesa nisiyemjua, Bwana, umkumbuke. Asingetoa alichonacho, leo ningempa nini mwanangu hapa mezani? Na mama yake aliyemzaa, popote alipo, umbariki sana mama yule. Umpe uzee mwema. Umwonyeshe mwanawe akirudi nyumbani. Amina."

Mama akafumbua jicho moja, akamtazama mwanawe aliyeinamia sahani, machozi yanaingia kwenye maharage. Akamwambia, "Mbona hujaitikia amina, baba?"

Ndugu zangu, mama amejiombea mwenyewe mwaka mzima bila kujua! Na kila alichoomba kilikuwa mbele yake kinakula ndizi!

Sasa mimi nisitoke hapa nikawaacha mnamcheka profesa. Huyu profesa anaishi nyumbani kwangu. Ananyoa ndevu kwenye kioo changu. Nina mahubiri ya miaka ishirini kwenye sanduku chini ya kitanda, na mchungaji kijana wa mtaa wa pili aliniomba ayapitie, nikamwambia nitayatafuta. Nayatafuta mpaka leo! Mkono wa birika ni huu mnaouona. Na wewe mwalimu wa kwaya, noti zako umemwonyesha nani? Na wewe mama ambaye maandazi yako hayanywi mafuta, jirani akikuuliza unamjibu "ni bahati tu," bahati gani kila asubuhi? Tunaogopa nini sisi? Tunadhani tukitoa tulichojua tutabaki watupu. Lakini mnyama tunaweza kumfungia zizini akazaa humo. Elimu ukiifungia, haizai kitu.

Na wasomi wetu niwaambie wazi, kwa upendo. Mnapoandika jina lenu kwenye fomu ile hamjui mnamponya nani. Mnadhani mnampa mgeni. Inawezekana kabisa mgeni huyo ni mtu aliyewabeba mgongoni. Ametulia huko kijijini, amekataza msiambiwe shida yake kwa sababu mna kazi kubwa. Kazi gani iliyo kubwa kuliko hiyo?

Sitaki tuondoke hapa na huzuni, maana hiki si kisa cha huzuni, yule mama amekula ndizi zake! Tumfurahie mkutubi mwenye adabu. Tumfurahie na profesa pia, kwa sababu alirudi kutoka kwenye ngazi. Wengi wetu tumewahi kufika kwenye ngazi zile, tukaendelea kushuka. Leo turudi.

Ndugu wa maktaba wamepanga meza hapo nje, kushoto kwa mlango. Fomu zipo, kalamu wamekuja nazo tano. Mimi nimeshalitoa sanduku chini ya kitanda, liko kwenye gari, na mchungaji kijana atalibeba leo likiwa na uzito wake wote. Kwaya, simameni mtutoe kwa wimbo wa furaha, lakini msiimbe mkiziba mlango. Kuna watu wanataka kuiwahi ile meza.