Wako wa Nini?

Ko. Ko. Ko-ko. Ko.

Sikieni. Usiku wa manane, nyani wamelala, kanga wamelala, na ndani ya pango kuna kitu kinagonga. Ko-ko. Ko. Mama Pimbi kaamka, moyo unamwenda mbio, anasema huyu ni chui, huyu ni chatu, leo tumekwisha. Anapapasa pembeni alipolala mtoto wake. Mtoto hayupo. Mnataka kumjua anayegonga? Niitikieni basi, tena upesi, maana hadithi hii haikai mdomoni.

Paukwa!

Pakawa!

Walio nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kule majabalini, palikuwa na Mama Pimbi. Kijana bado, mtoto mmoja, mume hana. Tai alimchukua mchana kweupe, fyuu, hata unyoya haukubaki. Tangu siku hiyo Mama Pimbi akawa mtu wa hofu. Jani likianguka, anaruka. Njiwa akipita, anaruka. Mtoto akilia anaogopa, mtoto akinyamaza anaogopa zaidi.

Na huyo mtoto ndiye aliyekuwa akigonga. Jina lake Kipimbi. Amekaa gizani pembeni, jiwe mkononi, anagonga ukuta wa pango, anatega sikio, anagonga tena. Mama akamuuliza anafanya nini saa hizi. Kipimbi akasema mawe yana sauti. Hili la mlangoni linasema ko, lile la juu linasema ki, hili la chini halisemi kitu kwa sababu limeshiba maji. Alisema yote hayo bila kuvuta pumzi, akarudi kwenye kazi yake. Ko. Ki. Ko-ko. Mpaka kukapambazuka.

Kesho yake mawe. Keshokutwa mawe. Akiitwa hasikii, chakula anakisahau, na uso unang'aa kama aliyepakwa mafuta. Mama yake hajawahi kumwona hivyo. Alifurahi. Alifurahi mpaka akaogopa.

Ngojeni niwaambie desturi ya kule, msipoijua mtapotea njiani. Kule pimbi wawili wakikutana, na mmoja ana mtoto, swali la kwanza ni hili: wako wa nini? Huyu anajibu, wangu wa kuchimba. Yule anajibu, wangu wa kulinda, akimwona tai anapiga mbinja. Na ukishajibu umejibu, mtoto ni wa kitu hicho mpaka meno yamtoke. Wenye jibu hupewa nafasi juu ya Jiwe la Jua, jiwe kubwa, jua likichomoza linalifikia lenyewe kwanza, na walinzi wamelizunguka. Asiye na jibu, kipupwe kikiingia, hushuka kuishi upande wa kivulini. Baridi. Mlinzi hakuna. Na pimbi asiyeota jua asubuhi, damu yake haiamki, miguu inakuwa mizito, tai anamwokota kama tunda.

Sasa mnajua alichokuwa anakiogopa.

Akapita Mjusi, jirani yao, yule mwenye kichwa chekundu anayekitikisa juu chini, juu chini, anakubali hata kisichosemwa. Akauliza, jirani, wako wa nini? Mama Pimbi hajawahi kuwa na jibu. Siku zote alijifanya anakohoa. Leo jibu analo, mdomo ukamtangulia.

"Wangu wa mawe."

Mjusi akatikisa kichwa, huyo akaondoka, chapu chapu chapu. Jua halijafika utosini majabali yote yanajua.

Wakaja. Huyu kaleta jiwe, anataka kujua kama pango lake litabomoka. Yule kaleta jiwe, hana hata shida, anataka kuona tu. Shangazi akaja, dada wa marehemu, ndiye mwenye amri ya Jiwe la Jua. Akaweka jiwe kubwa mbele ya Kipimbi, akamwambia gonga, na usicheze, hii sasa ni kazi. Kipimbi akagonga. Asubuhi anagonga, jioni anagonga. Akimaliza la huyu, la yule linasubiri. Siku moja akaliweka jiwe chini, polepole, kama anayelaza mtoto.

"Yamezima, mama."

"Nini kimezima?"

"Mawe."

"Jiwe linazimaje? Jiwe ni kaa la moto?"

 Kipimbi aligeukia ukutani.

Mama Pimbi hakulala. Akageuka huku, akageuka kule. Lakini haikupita muda, mtoto akaanza sisimizi. Analala kifudifudi tangu umande, anawafuata, huyu kabeba yai, huyu kabeba bawa, huyu hajabeba kitu anajifanya ana haraka. Uso ukang'aa tena. Mama akakimbia kwa wifi yake, nusu ya njia anaanguka, akasema wifi, si mawe, ni sisimizi, wangu wa sisimizi. Shangazi akasema vizuri, basi kila alfajiri aje atuambie sisimizi wanasemaje kuhusu mvua. Kila alfajiri. Kipimbi akaenda, akaenda, akaenda. Wakazima sisimizi nao.

Yakaja manyoya ya kanga. Anayapanga, yenye madoa makubwa huku, yenye madoa madogo kule. Safari hii mama alifunga mdomo, hakumwambia mtu, hata Mjusi alipopita alikohoa. Na manyoya yakazima hivyo hivyo. Yenyewe. Hakuna aliyeyagusa.

Hapo ndipo alipochanganyikiwa kabisa. Angekuwa na mtu wa kumlaumu, angepumua.

Watoto wa pimbi nao wakapata wimbo. "Kigeugeu, kigeugeu, leo jiwe, kesho unyoya, keshokutwa atamchoka mama yake!" Wanaimba, wanaruka, Mjusi anatikisa kichwa. Mama Pimbi akawa anazunguka majabalini mchana kutwa kumtafutia mtoto kitu. Kaleta mbegu, na hii je? Kaleta gamba la konokono, na hili je? Kaleta mzizi uliopinda, ona, umepinda. Tapa tapa, tapa tapa. Kipimbi anavitazama kwa adabu, anavirudisha. Kisha akasema neno ambalo mama yake hakulisahau tena.

"Vikizima vyote, mama, mimi nitakuwa nani?"

Mngemjibu nini?  Mama Pimbi alimlamba kichwa tu.

Kipupwe kikanukia. Zimebaki siku chache akina mama waulizwe lile swali juu ya Jiwe la Jua. Na jioni moja Kipimbi anapita mlangoni, mkono ukagusa jiwe. Ko. Akasimama. Akarudi. Ko. Ki. Mama akajifanya amelala, jicho moja wazi. Mawe yamewaka. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemtuma, yamewaka yenyewe.

Nyamaza, mama. Si angenyamaza? Angenyamaza tu. Lakini baridi inakuja, tai yuko juu, na nafasi ni moja. Kulipokucha alikuwa tayari mlangoni kwa wifi yake, anahema, anasema karudi kwenye mawe, wangu wa mawe, andika akilini wifi. Shangazi akafurahi kwa dhati, akasema nilijua damu ya kaka yangu haipotei.

Siku ikafika. Pimbi wote juu ya Jiwe la Jua, manyoya yamesimama kwa baridi, wanangoja. Mama mmoja mmoja anaulizwa, anajibu, anapewa nafasi. Ikafika zamu ya Mama Pimbi. Wako wa nini? Wa mawe. Haya, agonge tusikie.

Wakamwekea jiwe mbele.  Hata Mjusi kichwa kimesimama.

Kipimbi akalinyanyua.  Akamtazama mama yake, na hakumtazama kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Alimtazama kama mtu aliyeficha tonge lake la mwisho na likaliwa na anayemwamini. Akaliweka jiwe chini, akaziba masikio kwa viganja, akajikunja.

Nyuma mtoto mmoja akaanza, kigeugeu. Wengine wakadakia. Cheko likazunguka jiwe zima.

Shangazi akawanyamazisha. Hakuwa mbaya yule, msimchukie. Alisogea karibu, akasema kwa sauti ndogo.

"Wifi, mimi sikufukuzi. Nipe neno moja tu, lolote. Sema wa kuchimba, tutamfundisha. Wako wa nini?"

Neno moja. Chini ya miguu ya Mama Pimbi jiwe lilikuwa limeanza kupata moto, joto linapanda magotini. Kwenye kilele mlinzi amesimama. Mbinguni kuna doa jeusi linazunguka. Mdomo wake, ule unaomtanguliaga, ulikuwa umeshafunguka, wa kuchi… Akamwona mtoto pale alipojikunja. Akaufunga mdomo. Akaufungua upya.

"Wangu ni wangu."

"Wa nini?"

"Wangu. Akipenda mawe ni wangu, akiyachoka ni wangu, asipopenda kitu chochote ni wangu. Jibu lingine sina, wifi."

"Hilo si jibu."

"Najua," akasema Mama Pimbi. Akambeba mtoto mgongoni, wakashuka.

Kule kivulini baridi haina adabu. Jua linafika alasiri, tena kidogo, linapenya kwenye ufa. Mama Pimbi akawa mlinzi mwenyewe. Mbinja hajui kupiga, inatoka fss, fss, lakini tai alipopita mara ya kwanza fss ile ilitosha, wakaingia ufani wote wawili, kucha zikakwaruza jiwe, kwaruu, akaenda zake. Usiku wanalala wamebanana, pumzi ya huyu ndiyo joto la yule. Kipimbi hafanyi kitu. Anakaa tu. Na mama yake hamletei mbegu, hamletei gamba, hamuulizi. Ilimwuma. Kuna siku aling'ata mkono wake mwenyewe ili asiulize.

Shangazi akashuka siku moja na majani makavu ya kulalia. Akayaweka, akawauliza wameamkaje, akapanda. Swali lile hakuliuliza. Mjusi naye akateremka, anatetemeka kwa baridi lakini umbeya umemshinda. Mtoto anafanya nini siku hizi, jirani? Mama akajibu, yupo. Naam, lakini anafanya nini? Yupo. Mjusi akatikisa kichwa, hana cha kupeleka, akarudi juani.

Halafu alasiri moja, mama kaelekeza macho angani akimlinda na tai, akahisi anavutwa mkono.

"Mama, njoo. Kuna kitu."

Akamfuata hadi ndani kabisa ya ufa, pale penye mwanga mwembamba. Kipimbi akasogeza majani pembeni. Mama akainama, akaona. Kisha akamtazama mtoto usoni, na uso ulikuwa unang'aa.

"Usimwambie mtu," akasema Kipimbi. "Hata Shangazi."

"Na kikizima?"

Kipimbi akafikiri. "Kitakuwa kimezima. Labda kitarudi. Labda kitakuja kingine."

Sasa funzo, nalisema wazi, watoto wasikie na sisi wazazi tusikie. Mtoto wako akipenda kitu, mwache akipende. Kikimzimikia, usimcheke wala usimlilie, naye hajui kimekwenda wapi. Kikiwaka tena, usitoke mbio kwenda kutangaza. Kipenzi chake si jibu la majirani, na yeye hakuja duniani kuwa wa kitu, alikuja kuwa wako.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni mwa ufa, zaidi ya hapo haiingii. Kulikuwa na nini chini ya majani? Mimi nakijua, lakini msinivute nguo, sisemi. Mama Pimbi alimshika mwanawe kidole, akamwahidi, nami naahidi kama yeye: simwambii mtu mwingine.