Feruzi Aamriwa Kuondoka na Kilicho Chake

Hapo zamani, wakati masultani walipokuwa na nafasi nyingi na kazi chache, palikuwa na mchimba visima katika mji wa Tondwe, jina lake Feruzi. Alikuwa fukara, mali yake ilikuwa sululu, chepe na kamba ya kushukia shimoni. Alifika Tondwe angali kijana, akaoa mwanamke wa hapo jina lake Siwema, akachimba visima thelathini na kimoja, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyemwuliza ametoka wapi. Watu walimwuliza jambo moja tu: maji yatatoka lini?

Basi siku moja Sultani Hamduni aliamka na hamu ya kujua raia wake ni nani na mgeni ni nani. Waziri wake, Bwana Jabu, mtu wa kilemba kikubwa na shauri dogo, akamwambia, "Seyyidi yangu, raia ni yule ambaye babu zake saba wamezikwa katika ardhi hii. Asiyeweza kuyaonyesha makaburi saba, huyo ni mgeni, na aende zake."

Sultani akapendezwa, ikapigwa mbiu: kila mtu aonyeshe babu zake saba, aandikwe katika daftari la raia. Asiyekuwa nao ataondoka kabla ya swala ya Ijumaa. Na kwa kuwa Waziri alichelea wageni wasije wakaacha vitu vyao ili wapate sababu ya kurudi, akaongeza kwamba mgeni hana ruhusa ya kuuza kitu wala kugawa. Atachukua kila kilicho chake, na atakayeacha hata kimoja atakatwa kichwa.

Lo! Mji ukaingia shughuli. Matajiri waliokuja juzi tu na vitambaa vyao wakamwendea mlinzi wa makaburi, wakampa chochote, na kila mmoja akarudi ana babu saba kamili. Mzee Mbwarali, aliyekufa hana mke wala mtoto, akapata wajukuu arobaini kwa siku moja, na wote walilia kwa uchungu mbele ya karani.

Feruzi hakuwa na cha kumpa mlinzi. Ikawa zamu yake, akasimamishwa barazani.

"Feruzi," akasema Waziri, "babu yako wa saba amezikwa wapi?"

"Bwana Waziri, hata wa kwanza sijui alizikwa wapi. Alitoka nyumbani kumfuata mbuzi wake, hakurudi. Wala mbuzi hakurudi."

Watu wakacheka, lakini Feruzi hakucheka. Alimwona Siwema mlangoni, ameuma ncha ya mtandio wake.

"Seyyidi yangu," akamgeukia Sultani, "maji mnywayo nimeyafikia kwa mikono hii. Hilo nalo halihesabiwi?"

Sultani akamtazama Waziri, Waziri akatikisa kilemba. "Tumekuuliza makaburi," akasema Sultani, "hatukukuuliza mashimo mengine. Wewe u mgeni. Ondoka na kila kilicho chako."

"Kila kilicho changu, Seyyidi yangu?"

"Kila kilicho chako!"

"Nimesikia na nimetii."

Njiani Siwema akamwambia, "Mume wangu, mimi nimeandikwa na wewe umefutwa. Tutaishije?"

"Nyamaza usilie," akajibu Feruzi. "Nitaondoka kama nilivyoamriwa. Ila mzigo wangu ni mzito kidogo."

Ijumaa asubuhi akaingia ua wa jumba la Sultani, akawasalimu walinzi kwa adabu, akashika chepe akaanza kumwaga udongo kisimani. Chepe hili, chepe hili, mpaka ndoo ya wajakazi ikarudi na tope. Wakapiga kelele. Naye Sultani, aliyekuwa akioga, akatoka na shuka moja kiunoni na povu la sabuni kichwani.

"Feruzi! Una wazimu?"

"La, Seyyidi yangu, nafungasha. Maji ni ya Mungu, udongo ni wa Tondwe, siudai hata punje. Lakini shimo hili ni langu. Kabla sijalichimba halikuwapo. Basi nawarudishia udongo wenu, nami naondoka na shimo langu. Nimeanza na hili kwa heshima yako. Yamebaki thelathini, na swala haiko mbali."

"Akamatwe!" akafoka Waziri.

"Bwana Waziri, nikikamatwa nitakuwa nimeacha mali yangu. Wataka nimwasi Sultani?"

Akaitwa Kadhi. Akavuta ndevu, akafikiri, akasema, "Hakika shimo ni la mchimbaji. Mwenye ardhi alikuwa na udongo tu, na udongo anarudishiwa."

Wakati huo wanawake wenye mitungi walikwisha jaa langoni, wakipiga makelele, na sabuni ilianza kumkaukia Sultani ikamwasha.

"Tuuzie mashimo yako!"

"Mgeni haruhusiwi kuuza."

"Basi tupe bure!"

"Wala kugawa."

"Yaache!"

"Nitakatwa kichwa, Seyyidi yangu."

Povu likamwingia Sultani jichoni. "Karani! Mwandike mtu huyu raia, upesi!"

"Niwie radhi," akasema Feruzi. "Nitaandikwaje nami sina babu? Daftari litakuwa na uongo."

Kadhi akakohoa. "Seyyidi yangu, humo Mzee Mbwarali ana wajukuu arobaini."

Sultani akamkazia Waziri jicho lake moja lililobaki zima. "Futa habari ya mababu! Andika: raia ni yule akaaye hapa, afanyaye kazi hapa, na atakaye kubaki hapa."

Karani akachovya kalamu. "Na shahidi wa Feruzi ni nani?"

"Andika," akasema Feruzi, "kiu ya Sultani."

Sultani akacheka hata povu likaruka kwenye kilemba cha Waziri. Akaamuru Feruzi apewe joho na Waziri apewe chepe.

Basi Bwana Jabu akavua kilemba, akashuka kisimani kuutoa udongo, na Feruzi, raia wa Tondwe, akaketi ukingoni pamoja na Siwema, akimwelekeza: "Chini kidogo, Bwana Waziri. Chini kidogo. Maji bado."

Hii ndiyo habari ya Tondwe kama ilivyonifikia. Na asiyeikubali, na ashike chepe akachimbe ya kwake.