Kwa Nini Jina la Mtoto Hungoja Ngoma Mbili

Ndu!

Sauti moja tu ilivuma usiku juu ya mto, na Nyamizi akaketi kitandani ghafla. Ngoma zilikuwa mbili. Sauti ilikuwa moja.

Enzi hizo, wajukuu zangu, ngoma za Bondeni na Kilimani zilikuwa hazijawahi kupatana. Ya Bondeni ilipigwa mapigo matatu laini, la nne zito. Ya Kilimani ilipigwa matano laini, la sita zito. Lakini mwiko wa koo zote mbili ulikuwa mmoja: jina la mtoto hutamkwa na mama kwenye pigo zito, na kabla ya hapo halitamkwi hata kwa kunong'ona.

Nyamizi alikuwa binti wa kwanza wa Kilimani kuvuka mto akaolewe Bondeni. Binti yake alipofikishwa uwanjani, kila ukoo ulileta ngoma yake. Pigo la nne, Bondeni wakapaza sauti, "Sasa!" Kilimani wakajibu, "Bado!" Pigo la sita, Kilimani wakaruka, "Sasa!" Bondeni wakajibu, "Bado!" Pigo la nane, walikuwa wanarushiana fimbo za ngoma. Ikawa hivyo kila mavuno. Mtoto akaota meno, akatembea, akakimbia, jina hana.

Jioni moja akapotelea kwenye nyasi ndefu. Nyamizi alisimama ukingoni, jina limemjaa mdomoni, asiweze kuliita. "Wewe! Wewe mwanangu!" Watoto wote wa kijiji wakageuka, isipokuwa wake. Walimkuta mtoni, mguu mmoja tayari majini.

Usiku huohuo wapiga ngoma wa koo mbili walikuwa mazoezini, huyu ng'ambo hii, yule ng'ambo ile, kila mmoja akifuata kasi ya mwenzake ili amfunike. Nyamizi alikuwa akimpigapiga mtoto mgongoni apate usingizi. Ndipo akaisikia ile Ndu! Akaendelea, kofi kwa kila pigo, akihesabu. Kofi la nne, Bondeni peke yao. La sita, Kilimani peke yao. La nane, Bondeni tena. La kumi na mbili...

Ndu!

Hakulala tena! Kulipokucha alimfunga mtoto mgongoni, akaziita koo zote mbili uwanjani.

"Mnaacha mapema mno," aliwaambia. "Kila mara mnagombana kwenye la nane. Endeleeni tu, mtakutana!"

Mzee Machibya, mpiga ngoma wa Bondeni, akacheka. "Hilo nalijua, mkwe wangu. Nne mara sita, ishirini na nne. Kwa mikono hii? Tutafika huko mtoto ameshaolewa!"

"Hapo mtakutana, baba, lakini itakuwa mara ya pili. Ya kwanza iko karibu. Wewe unapita nne, nane, kumi na mbili. Mjomba Kasanda anapita sita, kumi na mbili."

Kasanda wa Kilimani akasonya. "Nitaamini nikisikia."

"Basi piga, mjomba!"

Wakapiga.

Na tangu siku hiyo, koo mbili zikijaliwa mtoto, ngoma hazinyamazi njiani. Zikiwa za nne na sita, tunangoja la kumi na mbili. Zikiwa za tatu na tano, tunangoja la kumi na tano. Tunatafuta pigo la kwanza lililo zito kwa wote, wala hatungoji jingine. Na kila mama hulingoja kama Nyamizi asubuhi ile. Nane ikapita, na hakuna aliyerusha fimbo. Tisa, laini. Kumi, laini. Kumi na moja, uwanja mzima umeshika pumzi. Kisha ngoma mbili, sauti moja, na juu yake sauti ya mama, kwa nguvu zote alizozimeza ukingoni:

"Kalunde!"