Jazi ya Mtoni

Mcheza kwao hutunzwa. Wahenga walimaanisha kwamba anayeonyesha ufundi wake mbele ya watu wake hakosi kuthaminiwa, hata kama wengine wamembeza. Asiyeamini na afike Mtoni, kwenye shule ya muziki ya mtaa, aulize habari za Mwalimu Yustina na tamasha la jazi.

Yustina alifundisha saksafoni. Baba yake, mchonga vinyago kutoka Newala, alipuliza saksafoni katika bendi ya dansi, na bendi ile, kama nyingi za zama zake, ilibeba neno “Jazz” katika jina lake. Ndiyo maana kwa watu wazima wa Mtoni jazi na dansi ni kitu kimoja. Bango lilipobandikwa getini, “Tamasha Kubwa la Jazz”, mtaa ulichangamka. Yustina aliwanoa wanafunzi wake sita kwa miezi miwili, kwani bodi ya shule ilikuwa imetamka wazi kwamba darasa lisilopanda jukwaani siku hiyo litafungwa.

Siku tatu kabla ya tamasha, mkuu wa shule, Bwana Fredrick, mkazi wa Mbweni aliyeajiriwa mwaka uliotangulia, alimwita ofisini. Hakumkaribisha hata kiti.

“Nimekutoa kwenye ratiba,” alisema. “Nimealika bendi ya jazz yenyewe. Unachofundisha wewe ni muziki wa baa.”

“Na darasa langu, mkuu?”

“Bodi itajua. Jumamosi utasimama mlangoni, uwakalishe wageni.”

Yustina alitoka akiwa amefura kwa hasira. Muziki huo wa baa ndio uliomsomesha, na leo mtu asiyejua hata kichochoro kimoja cha Mtoni anaukanyaga kama ganda la ndizi. Hata hivyo, alikuwa amelelewa kuheshimu wakubwa, akameza mate machungu.

Jumamosi baada ya Alasiri ukumbi ulifurika. Bi Rukaiya, muuza vitumbua maarufu, alikuja na doti mpya ya kanga kwapani, maana kwao mpigaji akikukuna moyo unamwendea palepale unamtunza. Bendi ya wageni ilianza. Walikuwa mafundi, hilo Yustina hakulikataa, ila kila mmoja alifuata njia yake, na wimbo ulipita nusu saa bila mtu kuimba. Bi Rukaiya alimpungia Yustina mkono.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Eti hawa bado wanajaribu vyombo? Mbona sie tumekuja kwenye jazi?”

Waliokaa karibu waliangua kicheko. Bwana Fredrick alikisikia, akapanda jukwaani na kunyakua kipaza sauti.

“Hii ndiyo jazz. Wenye masikio ya ngoma za mdundiko, mlango uko wazi.”

Kiwanja cha shule ile kilitolewa na watu wa mtaa, na matofali waliyabeba wao wenyewe vichwani. Bi Rukaiya aliinuka taratibu, akakunja kanga zake.

“Twendeni,” alisema. “Tumefukuzwa kwetu.”

Watu wakaanza kutoka, mstari mzima, wakipita mbele ya Yustina pale mlangoni alipowekwa. Hapo subira ilimwishia. Kudharauliwa yeye aliweza kuvumilia, lakini si kutukanwa kwa wazee hawa. Alifungua sanduku la saksafoni aliloliegemeza ukutani tangu mchana, akaiweka mdomoni na kupuliza wimbo wa dansi aliorithi kwa baba yake.

Bi Rukaiya alisimama, mguu mmoja nje, mmoja ndani. Wanafunzi wake sita, waliokuja na saksafoni zao hivyo hivyo, waliudaka wimbo kutoka kwenye viti vyao. Kule jukwaani, Cyprian, mpiga ngoma wa bendi ya wageni, alisikiliza kidogo, akatabasamu, akaingia na ngoma zake. Watu waligeuka wakarudi wakicheza. Bi Rukaiya alimfunga Yustina kanga mabegani, na wengine wakafuata, huyu na leso, yule na kikuba cha asumini.

“Kutunza hakuruhusiwi humu,” alifoka Bwana Fredrick, lakini sauti yake ilimezwa.

Ndipo alipoinuka Bi Raudha, mwenyekiti wa bodi, aliyekuwa amekaa mbele. Bwana Fredrick alishusha pumzi, akidhani fujo sasa itakomeshwa. Bi Raudha alikwenda mezani, akachukua shada la maua aliloandaliwa mkuu wa shule kwa ajili ya kufunga tamasha, akamvisha Yustina shingoni. Kisha akamgeukia Bwana Fredrick.

“Uliiandikia bodi kwamba darasa la saksafoni halina watu,” alisema. “Hawa ni nani?”

Bwana Fredrick alirudi nyuma hatua moja.

“Darasa linabaki,” alisema Bi Raudha. “Na hawa wenye mtaa utawaomba radhi kwa kipaza sauti hichohicho.”

Akawaomba, macho yakiwa sakafuni, huku Yustina akimtazama, yeye akiwa amejaa kanga na maua hadi kidevuni. Mcheza kwao hutunzwa.