Mwanasiti na Nyota Iliyovimba

Tegeni masikio, ngano inaingia. Mlimani ilikaa nyota jitu, na Mwanasiti, mjane, ndiye aliyeibembeleza kwa nyimbo isilipuke. Hata hivyo ikalipuka, mtama wa Mwanasiti ukaungua, akapanda upya. Ikalipuka tena, akapanda tena. Ilipolipuka mara ya tatu, aliukwea mlima akaketi kimya.

"Mama, leo huimbi?" nyota ikauliza.

"Nimechoka, mwanangu."

"Hata mimi. Nikijizuia navimba, nikijiachia nawaunguza."

"Basi paa juu, mbali na watu, ukajiachie."

"Nitakufa, mama."

"Najua," akasema Mwanasiti.

Nyota ikapaa, ikapasuka, mbingu nzima ikawaka. Mwanasiti akaililia, kisha akajilaza palepale juu ya jiwe, akalala. Ngano imefika kwao, nanyi mkapumzike.