Damu Inapogonga Ukuta

Mnaguna nini, nami hata sijafungua mdomo sawasawa? Mkiambiwa bahari iligawanyika mnaitikia amina. Mkiambiwa mtu aliwekewa bomba mguuni ili damu ipite, mnatazamana. Haya, kaeni na shaka zenu. Masikio tu niazimeni.

Palikuwa na mama mmoja, mjane, wanawe wote wako mbali. Mshipa wa pajani uliziba, mguu ukaanza kuwa mweusi. Daktari akamwekea bomba jembamba ili damu ipazunguke pale palipoziba. Halikukaa sana, nalo likaziba.

"Lilikuwa bovu?" mama akauliza.

"Bomba ni zima, mama. Kasoro iko pale lilipoungwa na mshipa. Limeingia wima mno. Damu ikifika inagonga ukuta, inajizungusha, nyingine inazubaa pembeni. Na damu ikizubaa, inaganda."

"Kwa hiyo?"

"Tunafungua tena. Safari hii tunaliunga kwa mlazo, na mdomo tunaupanua, damu iingie kwa upole. Likigoma, tunakata mguu."

Saa ya kuona wagonjwa jumuiya yake ya kanisani ikafika, sare mwili mzima, chupa za uji mikononi, wakakizingira kitanda. Mama akamshika mkono mwenyekiti.

"Jamani, naogopa. Nikirudi na mguu mmoja, nani atanichotea ma..."

"Weee! Usikiri hivyo, mama! Sema amina!"

"Amina," akasema. Angesemaje? Wakaimba, wakaomba hadi wodi ya jirani ikasikia, wakaenda zao. Mama akabaki na uji, na woga wake.

Basi bomba likaungwa upya, mguu ukapona. Damu ilipita, vidole vikapata joto. Jumuiya ikaja nyumbani kwake kwa shukrani, sebule ikafurika.

"Kwa mguu nashukuru," mama akajaribu tena. "Ila nyumba hii, ndugu zangu, mkishaondoka..."

"Leo ni shangwe, mama! Simameni tuombe!"

Sasa niambieni, nani alikosa njia ya kumfikia? Hodi si zilipigwa? Uji si uliletwa? Mnawacheka watu wale? Wale ni sisi. Upendo tunao, tele, lakini tunamwingia mtu kwa kishindo. Upendo huo unagonga, unajizungusha, unatufurahisha wenyewe, na yeye huko chini anakauka kama mguu usio na damu. Ungeinama kidogo, ukakaa ukingoni mwa kitanda, ukauliza, "Unaogopa nini?", kisha ukanyamaza, ungepungukiwa nini?

Tusijisifu kwamba tulikwenda. Maana pale sebuleni, tulipofumba macho na kunguruma, mama alichukua mkongojo, akapita katikati yetu kwa mguu ule ule uliopona, akatoka, akaufunga mlango.